Zamu Yangu ya Kuamia Ndege

Mwaka huu sauti imenikauka, na sijakwenda kwa daktari kwa sababu najua ilikopotelea. Imebaki shambani, juu ya dungu, ikifukuza ndege. Nikirudi kijijini naongea kwa kunong'ona, na wanaonijua wanacheka sana, maana zamani hapakuwa na mkutano usionisikia. Nacheka nao. Nilikaribia kupoteza kitu kikubwa kuliko sauti, na sikukipoteza.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya Mlimba, ukishapita Mchombe. Nyumba zetu ziko hapo, lakini mpunga wetu hauko hapo. Mashamba yako mbali bondeni, kuelekea mto. Kwa hiyo mvua zikianza, familia hufunga nyumba, hubeba sufuria, kuku na vyandarua, na kuhamia shamba. Huko kila familia ina dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yakipanda yapite chini. Watu hukaa humo mpaka mpunga uvunwe. Mtoto wa shule alikuwa na njia mbili tu: ahame na wazazi, masomo yamsubiri kwa miezi, au abaki kijijini peke yake, ajipikie na kujilinda. Sisi tulizaliwa tukakuta mambo yako hivyo, na tulidhani yataendelea kuwa hivyo.

Bweni ndilo lililobadilisha. Lilijengwa kwa miguu ya watoto ambao hatujawahi kuwaona.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya bweni tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilisoma mpaka kidato cha nne na Kiingereza changu, ingawa kimepata kutu, bado kinafungua mlango. Mimi ndiye niliyewaeleza wazazi mpango wenyewe. Niliwaambia kuna shule katika nchi ya baridi, na wanafunzi wake siku moja kwa mwaka hutembea. Kabla ya kutembea, kila mtoto hupita kwa ndugu na majirani, na kila mmoja huahidi kutoa kiasi fulani kwa kila kilomita mtoto atakayoimaliza. Fedha hizo ndizo zingejenga bweni, kununua vitanda, na kulisha watoto wetu msimu wote wa shamba.

Niliyasema hayo kwenye mkutano wa kijiji. Kisha mzee mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, hao watoto wanatembea kwenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wanatembea tu."

"Wanatembea tu?"

"Ndiyo, mzee mwenzangu."

"Basi waandikie kwamba mimi natembea kwenda shamba na kurudi, na mgongoni nina gunia. Nani ananiahidi?"

"Akuahidi nani wewe?" alidakia mama aliyekuja kuwa mpishi wa bweni. "Ukionekana unatembea, kila mtu anajua unaelekea kilabuni!"

Watu walicheka mpaka mkutano ukataka kuvunjika. Nami nilipowatuliza, nikasimama na kutoa neno ambalo baadaye lilinirudia. Nilisema, "Mtoto akiingia bwenini hatoki mpaka mpunga uwe ghalani. Atakayemtoa mtoto wake atakuwa amewatoa watoto wote." Walipiga makofi. Nilijiona mtu mkubwa.

Kwa misimu kadhaa tulikwenda vizuri. Wazazi walihama, watoto walibaki, mpishi akawa mama yao wote, mkali lakini asiyelaza mtoto na njaa. Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, alikuwa mmoja wao. Alipofika darasa la saba mwalimu wake aliniambia nisiwe na wasiwasi naye, nimwache tu asome.

Mwaka jana sikumwacha asome.

Ndege wa kwelea kwelea walikuja mapema, mpunga ukiwa bado una maziwa. Asiyewaona hawezi kuelewa. Wanakuja kama moshi wa shamba linaloungua, wanageuka wote kwa pamoja, wanatua, na pale walipotua unabaki na mabua. Lazima mtu awe shambani tangu alfajiri hadi jua lizame, azunguke kwenye majaruba ya mpunga akipiga kelele, avute kamba zilizofungwa makopo, arushe mawe kwa kombeo. Binti yangu alikuwa peke yake dunguni na mtoto mchanga. Alinipigia simu akilia. "Baba, wanatumaliza. Mkono mmoja nina mtoto, mkono mmoja nina kamba. Nifanyeje?"

Ningeweza kwenda mimi. Mgongo ulikuwa unauma, lakini si sana kama nilivyojisemea. Badala yake nilikwenda bwenini, nikamwambia mpishi nimekuja kumchukua mjukuu kwa wiki moja.

Mpishi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Mwenyekiti, mpunga uko ghalani?"

"Ni wiki moja tu, mama."

"Haya. Mtoto ni wako."

Mjukuu alifunga nguo zake kwenye kanga, akachukua na daftari moja. Njiani aliniuliza, "Babu, nitarudi lini?" Nikamjibu, "Ndege wakiondoka." Hakuuliza tena. Ni mtoto wa bondeni, anajua ndege huondoka wakishashiba.

Wiki ilipita, ndege hawakupita. Wazazi wengine, waliokuwa hoi kwa uchovu na macho mekundu kule madunguni, walimwona mjukuu wa mwenyekiti akizunguka shambani. Mmoja akaja kuchukua wa kwake. Kisha wawili. Kisha wakaja kwa makundi, na hakuna aliyeniomba ruhusa. Ningewazuia kwa mdomo gani? Bweni likabaki tupu.

Hapo ndipo simu ilipoingia kutoka Ifakara, kwa kijana anayetusaidia kupokea ujumbe wa wafadhili. Alisema mwalimu wa ile shule ya watoto wanaotembea yuko njiani. Tulimtarajia baada ya mavuno, lakini likizo yake ilikuwa ya Pasaka, na Pasaka ndiyo kwanza ilikuwa imepita. Angefika keshokutwa. Kisha kijana akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Mzee, wanataka kuona bweni linavyotumika, ndipo waamue kama waendelee au wapeleke nguvu kwingine."

Niliketi kwenye ngazi ya bweni. Nyuma yangu vitanda vilikuwa vimetandikwa, vyandarua vimefungwa juu kama mafundo. Kama wasingeendelea, mwaka unaofuata kusingekuwa na mpishi, wala unga, wala mtoto hata mmoja humo ndani. Na mjukuu wangu angefika kwenye mtihani wa taifa akiwa amesoma nusu ya mwaka.

Nilimpigia binti yangu. Kule simu hushika mtandao ukiwa juu ya dungu tu, kwa hiyo nilisikia na ndege, na makopo, na mtoto mchanga.

"Mrudishe mtoto," nilimwambia. "Na wenzako waambie wawarudishe. Anakuja mgeni."

"Baba, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Mrudishe mtoto."

"Ulimleta wewe kwa sababu ya ndege. Ndege wako hapa hapa, wananitazama. Sasa unamtaka kwa sababu ya mgeni? Mgeni akiondoka utamrudisha tena?"

Kabla sijajibu akaongeza kwa upole uliouma kuliko ukali, "Baba, watu hapa hawatakubali. Ndege hawajui mgeni."

Nilimwendea mpishi na wazo la mwisho. Nilifikiri tungeweza kuomba watoto wa shule ya kijiji jirani, cha barabarani, waje wakae bwenini siku moja tu.

"Utaazima watoto," alisema. "Na majina yao utayaazima? Akimwuliza mtoto kitanda chake ni kipi?"

"Tutawafundisha."

"Basi wafundishe wewe. Mimi nitapika. Nisimpikie mgeni uongo, nimpikie wali."

Wazo likafia hapo.

Mgeni alifika na gari dogo, matope yamelipaka mpaka madirishani. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miguu mirefu na viatu vya kutembelea kweli kweli. Alinipa mikono yote miwili na kusema, "Shikamoo, babu," kwa namna ya mtu aliyejifunza njia nzima. Nikaitika marahaba.

Tukaingia bwenini. Alitazama vitanda, akagusa godoro moja, akauliza watoto wako wapi. Mpishi, ambaye hajui Kiingereza lakini aliyaelewa macho yale, alijibu kabla yangu: "Wako shamba, wanaamia ndege."

Mgeni akanigeukia nimtafsirie. Mimi ndiye pekee niliyekuwa daraja, na daraja likapinda. Nikaanza kusema kwamba wanafunzi wako kwenye ziara ya masomo, kwamba serikali inahimiza elimu ya kilimo kwa vitendo, kwamba tulipanga warudi mwisho wa mwezi na maandalizi yote yamekamilika. Maneno yalikuja yenyewe. Kiingereza changu hakijawahi kwenda vizuri vile.

Mpishi akaweka mikono kiunoni. "Mwenyekiti. Mimi nimesema maneno manne. Wewe umehutubia."

"Kiingereza kinahitaji maneno mengi, mama."

"Acha! Kiingereza gani hicho kinachokutoa jasho? Mwambie nilivyosema. Nilivyosema hivyo hivyo."

Mgeni alitutazama mmoja baada ya mwingine, akiwa na tabasamu la mtu anayejua kuna jambo. Na mimi, sijui kwa nini wakati ule, nilimkumbuka dada yangu.

Dada yangu alikuwa mkubwa wangu. Nilipochaguliwa kwenda shule ya misheni, baba alisema mmoja lazima abaki na ndege, na dada akabaki. Kila nilipokuwa darasani yeye alikuwa dunguni. Kidato changu cha nne, kile kilichonifanya mwenyekiti, alikilipia yeye kwa kuamia ndege. Alikufa bila kujua kuandika jina lake, na hakuwahi kunisimanga, hata kwa utani. Na mimi nilikuwa nimemtoa mjukuu wangu wa kike darasani na kumpandisha kwenye dungu lile lile.

Nikamwambia mgeni ukweli. Nilimwambia kwa Kiingereza kibovu, vitenzi vinagongana. Watoto wanafukuza ndege. Wa kwanza kutolewa ni mjukuu wangu. Aliyemtoa ni mimi, na nilikuwa nimeapa mbele ya watu. Hayo mengine niliyosema dakika chache zilizopita si kweli.

Nje mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Mgeni akauliza kitu nisichokitarajia. Aliuliza kama shambani ni mbali.

"Mbali," nilimjibu. "Na ni matope."

Akainama akakaza kamba za viatu.

Pikipiki zilitufikisha mwisho wa njia kavu, kisha tukaingia kwa miguu. Mgongo wangu, ule uliokuwa ukiniuma, ulikwenda bila kulalamika. Nikaona aibu hata kwa mgongo. Mgeni alianguka mara moja kwenye jaruba, akaamka akicheka, matope mpaka kifuani. Tulisikia watoto kabla ya kuwaona. Sauti zilitoka kila upande wa mpunga, zingine nyembamba, zingine zimekwaruza, na makopo, na vijiti juu ya madebe. Kisha vichwa vikaanza kutokeza. Bweni zima lilikuwa humo.

Binti yangu alitukaribisha chini ya dungu, akatoa pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, pamoja na kinywaji cha togwa. Mgeni alitafuna akafumba macho. Mjukuu wangu akaja na kombeo mabegani, akaniamkia, akamwamkia mgeni, akasimama kando. Alikuwa amekonda. Nilitazama vidole vyake vilivyochubuka na kamba.

Mgeni akaniambia nimwambie mtoto aulize chochote anachotaka. Nilidhani ataona haya. Lakini alikuwa na swali lake tayari.

"Babu, mwulize, wao wakitembea wanakwenda wapi?"

Lilikuwa swali la yule mzee wa mkutanoni, na mimi sikuwahi kuliuliza. Nilitafsiri. Mgeni akajibu kwamba hawaendi popote, wanazunguka uwanja wa shule. Wanazunguka, wanazunguka, mpaka jioni, wengine miguu inatoka malengelenge.

Mjukuu wangu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimtoe bwenini. "Kumbe kama sisi! Na sisi tunazunguka tu." Akaonyesha kwa kidole njia iliyokanyagwa kuzunguka shamba letu, nyembamba, inayong'aa kwa maji. "Ila sisi tukisimama wanakula."

Nilitafsiri na hilo, neno kwa neno. Mgeni aliitazama ile njia. Aliinuka pale kundi la ndege lilipogeuka juu yetu, na mjukuu akakimbia. Mama yule mrefu akakimbia nyuma yake, akipiga kelele kwa lugha yao, mikono hewani. Wanawake kwenye madungu ya jirani walishangilia. "Ongeza, mama! Ongeza! Wale wa kule!"

Jioni wazazi walikusanyika. Sikuwa na hotuba. Niliwaambia kwamba nilivunja kiapo mimi, na wao walinifuata, basi wanifuate tena. "Mtoto huyu anarudi bwenini kesho," nilisema. "Kwenye dungu hili nabaki mimi."

Binti yangu alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe, baba? Ngazi yenyewe utapanda?"

"Nitapanda asubuhi, nitashuka jioni. Katikati sina safari."

Watu walicheka, lakini rafiki yangu wa swali la kutembea, ambaye alikuwa amekuja kumwona mgeni, akakohoa. "Huyu akibaki atapiga domo peke yake mpaka ndege wamzoee. Nami nitabaki kwa mwanangu." Mama mmoja mzee akasema na yeye ana sauti, haijawahi kutumika vizuri tangu mumewe afe. Ikawa hivyo. Wazee tuliokuwa tunashinda kijijini tukilinda nyumba tupu tukachukua zamu za watoto, na nyumba zikajilinda zenyewe. Kesho yake watoto wengi walirudi kwa miguu pamoja na mgeni, wakiimba. Waliobaki walifuata baadaye kidogo kidogo.

Kabla hajaondoka nilimwuliza mgeni atawaambia nini wanafunzi wake. Alisema atawaambia alikuta vitanda vitupu, na wenye vitanda aliwakuta wapi. Nikamsihi asiseme vitupu. Akasema hawezi kuwadanganya watoto waliotembea. Nilimwelewa, na sikulala vizuri kwa majuma mengi. Niliwaza: watu wametoa ahadi zao ili mtoto asome, wataambiwa mtoto alikuwa akikimbiza ndege. Mimi ningekuwa wao ningeacha.

Jibu lilinikuta dunguni, mavuno yakikaribia. Simu ililia kwenye mfuko wa shati, nikaegemea nguzo, nikafungua picha inayotembea. Uwanja wa majani mabichi, anga la mawingu, na watoto wamevaa makoti. Walikuwa wanatembea kuzunguka, kama kawaida yao, lakini safari hii kila mmoja alikuwa ameshika sufuria au kopo, na walikuwa wanapiga. Kelele ilijaa dungu zima. Mwalimu wao, yule mgeni wetu, aliandika kwamba waliotembea walikuwa wengi kuliko mwaka wowote, na bweni litaendelea. Nililia kama mtoto, na ndege wakapata nafasi ya kula siku ile. Mungu anisamehe, na binti yangu pia.

Mjukuu alifanya mtihani, akafaulu. Sasa yuko kidato cha kwanza, shule ya bweni mjini Ifakara. Vitanda vya kijijini mwaka huu vimejaa, na mpishi anadai sufuria kubwa zaidi.

Juzi mjukuu alikuja likizo akanikuta juu ya dungu, nanong'ona badala ya kupiga kelele. Akapanda, akanyoosha mkono achukue kamba.

"Teremka upumzike, babu. Hii naiweza."

"Najua unaiweza," nilimwambia. "Ndiyo maana sikupi."

"Sasa sauti huna. Utawafukuza kwa macho?"

Kwenye mkoba wake kilichungulia kitabu cha baiolojia. Nikamwambia akitoe, asome kwa nguvu, kila kitu, hata maelezo ya picha. Akadhani namtania. Kisha ndege wakaja kutoka upande wa mto, kundi zima, wakishuka. Nilivuta kamba, makopo yakalia, na yeye akasimama kando yangu akisoma kwa sauti ya juu kabisa habari za mizizi na mashina na majani. Majina mengine yalikuwa magumu, akayapiga kelele zaidi.

Wakageuka wote kwa pamoja, wakaenda.